Anwani ya tovuti iwe ya shule, si ya fundi

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Busia, upande wa Uganda. Shule zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, Machi 2020 hadi Januari 2022, sikuwa na mshahara wala wanafunzi, nikajifundisha HTML na WordPress (lugha na programu ya kutengenezea tovuti) kwa simu, usiku, mwenyewe. Leo nimetengenezea tovuti shule kadhaa, saluni moja na muuza vipuri vya bodaboda.

Kinachonikera si malipo madogo (hayo nimeyazoea). Ni wakuu wa shule kumwachia fundi asajili anwani ya tovuti ya shule kwa jina lake mwenyewe. Akihama, au mkigombana, tovuti imekwenda naye. Shule moja ilinijia ikilia hivyo. Tukaanza upya kabisa. Anwani inayoishia .sc.ug, yaani ya shule za Uganda, isajiliwe kwa jina la shule, nywila ikae kwa mhasibu, na ada ya kila mwaka iingie kwenye bajeti kama chaki.

Na picha, jamani! Mzazi wa kijijini anatafuta karo na tarehe ya kufungua. Ninyi mnamwekea picha kumi nzito za mkuu wa shule. Bando linamwishia kabla hajaiona hiyo karo.

Mwalimu, Busia