Kuta za hospitali zetu zipewe mafundi wa Pwani

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wakuu wa hospitali za umma hapa Pwani kuhusu kuta zao: zitundikwe kazi za sanaa ambazo mafundi wetu wameziunda kwa taka. Mtu anayengoja majibu ya damu kwenye benchi anatazamana na orodha ya malipo na tangazo la kipindupindu. Aliyelazwa hana hata hayo, macho yake yako darini tangu alfajiri.

Na vya kumwonyesha tunavyo. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyotupwa na kuvikwa ndara zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata likafika Unguja. Waliounda jahazi zima kwa taka hawawezi kushindwa na ubao wa ukutani wenye kasa na pweza.

Kanada wamelifanya hili ndani ya hospitali yenyewe. Muuguzi wa wagonjwa mahututi Tilda Shalof, wa Toronto General Hospital, aliweka vifuniko vya dawa na vikorokoro vya plastiki vya kazini kwa karibu miaka 30. Akishirikiana na rafiki yake, alivipanga vipande zaidi ya 10,000 vikawa picha kubwa ya rangi tele, ikatundikwa hapo hapo hospitalini. Nawaza wauguzi wetu wanatupa vifuniko vingapi kila zamu.

Najua nitaambiwa tununue dawa kwanza. Dawa zinunuliwe, naam. Lakini mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliotolewa kibofu cha nyongo: walioona miti dirishani waliruhusiwa mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko walioona ukuta wa matofali. Dirisha si sanaa, nakubali. Ila anachokiona mgonjwa kinaingia katika kupona kwake, na sisi tumemwachia ukuta mtupu.

Uangalifu lazima uwepo. Sindano na chochote kilichogusa damu visikaribiwe kabisa. Ndara zioshwe na kukaushwa vizuri, kazi ipakwe vanishi ili ifutike kwa dawa ya kuua viini, pasiwe na mianya ya kuhifadhi vumbi, ncha za bati, wala kipande ambacho mtoto anaweza kuking'oa akakimeza. Wahusika wa kudhibiti maambukizi waitwe tangu siku ya kuchora, wasingoje kuja kukagua kitu kilichokwisha kutundikwa.

Na fundi alipwe. Malighafi kuokotwa ufukweni hakuifanyi kazi yake kuwa ya bure, na inaniuma kila nikisikia vijana wa sanaa wakiombwa "wajitolee" mahali ambapo fundi wa rangi na mwenye zabuni ya mapazia wanalipwa.

Katiba ya 2010 imeweka hospitali hizi pamoja na shughuli za utamaduni mikononi mwa kaunti, kwa hiyo kaunti zetu sita hazina wa kumsubiri Nairobi. Waanze na wodi za watoto, na kazi zitundikwe pale macho ya mtoto aliyelala yanapofika. Kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti kikiitishwa nitakwenda kulisema hili, na nawaomba wasomaji wenzangu tuwe wengi.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa