Msimkalishe Mama

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na watoto. Barua yako imefika, na tangu niisome namuwaza Mama. Alhamdulillahi hakuvunjika. Lakini hilo la kwamba tangu ajikwae kizingitini mmemkataza kutoka, hata maji analetewa alipo, limenitia hofu kuliko kule kujikwaa kwenyewe.

Mtu mzima akifika kizingitini hupunguza mwendo, akafupisha hatua na kutazama chini. Hapo anajihadhari tu. Taabu iko mguu wa nyuma. Wa mbele anauona ukivuka. Wa nyuma haonekani, unafuata kwa mazoea, na wakati huo mwili mzima umebebwa na mguu mmoja. Nyonga ikiwa dhaifu anayumba, kwa hiyo anaharakisha kuushusha ule wa nyuma. Misuli ya mbele ya muundi nayo ikilegea, vidole havinyanyuki, vinakwama kwenye ubao. Na vizingiti vya nyumba yenu navijua vilivyo virefu!

Misuli hiyo, shoga, haipati nguvu kwa kukaa. Mwaka 1990, huko Boston, Marekani, wazee 10 wa miaka 90 hivi, wakaazi wa nyumba ya kutunzia wazee, walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8 nguvu za miguu yao zilizidi maradufu, na wawili wakaacha kutembelea bakora. Miaka 90! Mama hata 75 hajafika.

Kwanza aonwe na daktari: macho, goti, na zile dawa za presha, maana zipo zinazoleta kizunguzungu mtu anapoinuka. Akiruhusiwa, aanze taratibu. Ainuke kitini na kuketi tena bila kujisukuma kwa mikono. Ashike meza, asimame kwa mguu mmoja, kisha anyanyue vidole huku visigino viko chini. Halafu mlazie mpini wa ufagio uani auvuke, mbele na kwa ubavu. Akizoea, weka tofali. Wewe simama karibu, ila usimshike mpaka ayumbe. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuuzoesha mwili usiyumbe na ya nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Kwenda sokoni kwa miguu kunamfaa moyo na pumzi, mruhusuni tena, lakini peke yake hakutoshi kumkinga na kuanguka.

Zile kandambili zilizolika zitupeni, mnunulieni viatu vinavyoshika kisigino. Ukingo wa kizingiti upakeni rangi nyeupe, na taa ya ukumbini iwake usiku.

Kakako atapinga, najua. Msomee barua hii, na akitaka kubishana anipigie. Nakuja baada ya Idi, nitakaa nanyi siku kadhaa nimwanzishe Mama mwenyewe. Mpaka hapo, niandikie daktari amesema nini kuhusu goti.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Tanga