Yoga za taratibu zina mpangilio wake

Mhariri,

Sisi tunaofundisha yoga hapa Moshi tunaomba nafasi kuhusu kuunganisha yin na yoga ya kupumzisha katika kipindi kimoja. Zote ni za polepole, ila kazi zake ni tofauti. Yin huvuta: unatulia katika mkao mmoja dakika 3 hadi 5, misuli ikiwa imelegea, ukihisi mvuto wa wastani nyongani au mgongoni. Ya kupumzisha haivuti kitu. Mito na mablanketi ndiyo hubeba mwili, dakika 10 au zaidi. Kwa hiyo yin itangulie. Kwa saa moja, mikao minne ya yin na miwili ya kupumzisha inatosha kabisa. Wanaojaza kumi wanarudisha haraka ileile waliyoikimbia.

Mkao wa kipepeo (kukaa nyayo zikigusana, magoti yakifunguka pembeni) ndio huharibiwa zaidi. Magoti yakining'inia, mapaja hujikaza yenyewe na nyonga hazilegei. Kunja blanketi gumu uweke chini ya kila goti. Mto laini wa kitandani unadidimia tu. Ukihisi ganzi, au maumivu makali ya goti, toka polepole.

Baridi ya Juni na Julai nayo isidharauliwe: mwili uliotulia hupoa upesi, hivyo soksi na blanketi viwepo kabla ya kutetemeka. Mwenye glakoma (ugonjwa wa macho) au presha isiyodhibitiwa amuulize daktari kabla ya kulala chali na kuegemeza miguu juu ukutani. Mjamzito wa miezi mikubwa alale ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti.

Walimu wa yoga,
Moshi