Sauti ya daladala inatunyima kitabu na wimbo pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye daladala, madereva na makonda wa Dar es Salaam juu ya muziki wa asubuhi.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Gongo la Mboto, cherehani yangu iko Kariakoo. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niwahi siti, maana ukichelewa kidogo tu unaning'inia kwenye bomba mpaka Buguruni. Nikipata siti ya dirishani natoa kitabu. Konda akiwasha taa ya ndani naanza hapo hapo, asipowasha nangoja kupambazuke. Nyumbani sina muda wa kusoma, kuna wajukuu na kuna jiko. Kazini kuna nguo za watu na kila mwenye nguo anaitaka leo. Kwa hiyo karibu vitabu vyote nilivyovimaliza kwa miaka mingi nimevisoma barabarani, vingine vya kuazima, vingine vya mitumba vile vinavyotandazwa chini pale Posta. Foleni ya Tazara, kabla Daraja la Mfugale halijafunguliwa mwaka 2018, ilikuwa inanichelewesha kazini lakini sura nzima naimaliza.

Siku hizi siwezi. Mwezi uliopita nilipanda gari ambalo spika yake ilikuwa chini ya siti niliyokalia. Kioo kilikuwa kinatetemeka. Pembeni yangu alikaa mwanafunzi wa sekondari mwenye daftari la Baiolojia, vidole masikioni, midomo inacheza. Nilimwomba konda apunguze. Akanijibu, "Mama, ukitaka kimya chukua bajaji." Watu wakacheka. Tuliposhuka, dada mmoja akanishika mkono akaniambia kichwa kinamuuma tangu Ukonga. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema aliogopa kuchekwa kama mimi.

Sitaki nieleweke kwamba siupendi muziki. Nimekulia kwenye nyumba ya redio. Marehemu mama yangu alikuwa akisikia taarabu anaacha kuchambua mchele, anainua kidole tunyamaze, kwa sababu fumbo likikupita huwezi tena kujua nani kasemwa. Baba alikuwa mtu wa dansi, bendi za Msondo na Sikinde, na kwake wimbo ulikuwa ile sehemu ya mwanzo ya polepole, mtu anaposimulia masaibu yake. Chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, lilipoanza alikuwa anarudi kwenye mazungumzo yake. Kwa wazazi wangu wote wawili wimbo ulikuwa ni maneno, na mimi nimebaki hivyo. Hata vijana wa Bongo Fleva, wale wanaoandika vizuri, ukiwasikiliza kwa utulivu wana mambo ya kusema kuhusu kodi ya nyumba, mapenzi na ukosefu wa kazi.

Sasa kwenye daladala unabaki na besi tu. Unajua kuna mtu anaimba, anachoimba hukijui. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: sauti ikipandishwa namna ile nakosa kitabu, na wimbo wenyewe nao naukosa.

Kitabu nilichokuwa nacho siku ile ni wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, ulioandikwa na Shaaban Robert. Nakirudia mara ya tatu. Mwanamke aliyezaliwa Fumba, akaingia mjini Unguja kuuza vyungu, hakupata shule, akafika hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Wimbo wake juu ya Kijiti unasimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka huku kwetu Dar es Salaam, muuaji, huyo Kijiti, akatoroka, na mahakama ikawageukia mashahidi. Watu waliijua kesi ile kwa sababu waliyasikia maneno ya wimbo. Mtu akiupiga leo kwenye gari la Gongo la Mboto kwa sauti ile, nani atajua kwamba kuna mtu aliuawa?

Nitaambiwa nipande mabasi ya mwendokasi. Njia yangu ni ya daladala, na hata siku ninapokuwa na safari ya Kimara, ndani ya mwendokasi jioni tumebanana hivi kwamba mkono haufiki kwenye mkoba, sembuse kufungua kitabu.

Kupunguza sauti kunawezekana. Yupo dereva mtu mzima katika njia yetu, simtaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa, anapiga zilipendwa kwa sauti ya chini na spika za mbele peke yake. Ndani ya gari lake nasoma. Ukija wimbo ninaoupenda nafunga kitabu nasikiliza, na nimewahi kusikia siti tatu za nyuma wakiitikia kiitikio pamoja, watu wasiojuana, tukiwa Vingunguti. Konda wake anataja kituo mara moja na watu wanashuka, hapigi kelele kushindana na redio. Gari lake halikosi abiria.

Ombi langu ni dogo. Kuanzia alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, zipigwe spika za mbele tu, kwa kiasi ambacho abiria akisema "shusha" akiwa siti ya mwisho, dereva anamsikia. Jioni mkitaka kuchangamka, changamkeni kidogo, tumechoka sote. Na mwenye lile gari la mwezi uliopita, kama unaisoma barua hii, spika ninayoisema iko chini ya siti ya mwisho, upande wa kulia, dirishani. Ing'oe hiyo moja tu. Za mbele zinatosha gari zima.

Fundi cherehani,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam