Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa India: mkataba wa utumishi uifunge na serikali pia

Mheshimiwa Waziri wa Afya na Ustawi wa Familia,
Serikali ya India,
New Delhi.

YAH: MIKATABA YA UTUMISHI WA LAZIMA KWA MADAKTARI WANAOSOMEA UBINGWA

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa daktari wa watoto niliyesomea ubingwa nchini mwako kwa miaka mitatu, kisha nikarejea nyumbani Tanzania. Nakala ya Kiingereza nimeituma ofisini kwako. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu madaktari wa Afrika Mashariki huenda kusoma kwenu, na wagonjwa wetu wengi hupelekwa Chennai, Bengaluru na Delhi kutibiwa na madaktari wa nchi yako ambao habari zao ndizo ninazozieleza hapa. Mkataba wenyewe mimi sikuusaini, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wa kigeni. Walioutia saini ni wenzangu niliokesha nao wodini, na ni kwa ajili yao ninaandika.

Kwa msomaji asiyeujua mpango huu, nieleze kwa kifupi. Daktari wa India aliyemaliza shahada ya kwanza ya miaka mitano na nusu hufanya mtihani wa taifa wa NEET-PG, na akifaulu vizuri hupata nafasi ya ubingwa katika chuo cha serikali. Siku ya kujiandikisha huwekewa mbele yake karatasi inayosema kwamba, akishapata shahada yake ya ubingwa, ambayo kwao huitwa MD au MS, atafanya kazi katika hospitali za serikali za jimbo hilo kwa muda uliotajwa, na asipofanya atalipa fedha zilizotajwa. Wenyewe wanaiita bondi. Muda na fedha hutegemea jimbo. Maharashtra iliweka mwaka mmoja wa utumishi au rupia laki 50 kwa bingwa, na kwa bingwa bobezi ikapanda hadi rupia milioni 20. West Bengal ilianza mwaka 2013 kwa mwaka mmoja na rupia milioni moja, na kabla wanafunzi hawajazoea ikafanya kuwa miaka mitatu na rupia milioni tatu. (Neno laki, kwa bahati njema, halihitaji mkalimani kati yetu, lilivuka bahari zamani na sisi wa pwani tunahesabia hadi leo.)

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuandikii kuomba mikataba hii ifutwe. Dawa ya deni ni kulipa, na deni lipo. Nafasi ya ubingwa katika chuo cha serikali hugharimiwa na umma, ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya vyuo binafsi, na mwanafunzi hulipwa posho akiwa masomoni. Upande wa pili wa deni hilo wako wananchi wa vijijini. Kwa viwango vyenu wenyewe, kituo cha afya cha jamii chenye vitanda 30 kinapaswa kuhudumia watu 120,000 katika nchi tambarare, au 80,000 milimani na katika maeneo ya makabila, kikiwa na bingwa wa upasuaji, bingwa wa magonjwa ya ndani, bingwa wa wanawake na uzazi na bingwa wa watoto. Takwimu za wizara yako za mwaka 2021-22 zilionyesha kwamba katika vituo vya vijijini karibu asilimia 80 ya mabingwa hao waliohitajika hawakuwapo. Mtu aliyewahi kumwona mama mwenye uchungu uliokwama akisafirishwa kwa saa tatu kutafuta mkono wa kumpasua hawezi kusema kwamba daktari aliyesomeshwa na umma hadaiwi chochote.

Mahakama ya Juu ya nchi yako ililiona hivyo pia. Katika hukumu ya tarehe 19 Agosti 2019, ilikataa hoja ya madaktari kwamba masharti haya ni kazi ya shuruti iliyokatazwa na Ibara ya 23 ya Katiba, ikayaacha yasimame. Maofisa wa majimbo hupenda kuinukuu hukumu hiyo, lakini hunukuu nusu yake. Nusu nyingine ni ile ambamo majaji waliishauri Serikali Kuu, pamoja na Baraza la Matibabu la wakati ule, kuandaa sera moja kuhusu utumishi wa lazima itakayowahusu wote waliosomea katika vyuo vya serikali. Kamati ya wizara yako ilikabidhi ripoti yake mwaka 2020. Mwaka huohuo Baraza likaondoka na Tume ya Taifa ya Tiba ikachukua nafasi yake. Majimbo yameendelea kila moja na karatasi yake, muda wake na bei yake.

Lakini tofauti za majimbo si jambo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni kwamba karatasi hii, katika namna nyingi nilizozisoma wenzangu waliponionyesha, humfunga mtu mmoja tu. Daktari ameandikiwa afanye nini, kwa muda gani, na alipe nini asipofanya. Jimbo halikuandikiwa limpangie kituo lini, wala limpe kazi ipi, wala limlipe kiasi gani, wala litafanywa nini lisipotimiza. Kwetu, mkataba wa namna hiyo hata kwenye kukodi shamba haukubaliki.

Nitatoa mfano mmoja, nikiliacha jimbo na chuo bila kuvitaja. Mwenzangu niliyekaa naye hosteli alisomea usingizi na ganzi. Ni mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye bingwa wa kwanza katika ukoo wao. Alipofaulu mtihani wa mwisho aliambiwa asubiri kupangiwa kituo. Alisubiri miezi saba. Katika miezi hiyo hakuwa na mshahara wa serikali kwa sababu serikali ilikuwa haijampa kazi, na hakuweza kuajiriwa kwingine kwa sababu vyeti vyake halisi vilikuwa vimefungiwa kwenye kabati la chuo kama rehani, na bila vyeti hivyo hakuna hospitali iliyoweza kumpokea kama bingwa. Alirudi kwa wazazi wake, mtu wa miaka 29, akawa anawasaidia watoto wa jirani masomo ya fizikia. Mwezi wa nane ikaja barua ya kumpeleka kwenye kituo kilicho mbali na mji wowote. Alikwenda bila kinyongo, akajifunza lugha ya watu wa huko kwa miezi minne hadi akawa anataniana nao. Chumba cha upasuaji alikikuta kimegeuzwa stoo ya vitanda vibovu. Bingwa wa upasuaji hakuwapo, na kwa ufundi wake daktari wa usingizi hana cha kufanya pasipo mpasuaji, kama ambavyo mpasuaji hana cha kufanya pasipo yeye. Mwaka wote akatibu homa, kikohozi na shinikizo la damu, kazi ambazo angeweza kuzifanya kabla ya ile miaka mitatu ambayo umma ulimgharimia.

Alipoomba miezi saba ya kusubiri ihesabiwe katika utumishi wake, alijibiwa kwamba utumishi huanza siku ya kuripoti kituoni.

Mheshimiwa, nani alinufaika hapo? Mama wa kijiji kile hakupata upasuaji. Hazina haikupata thamani ya fedha yake. Ufundi wa usingizi, ambao hufifia mikono isipoutumia, ulififia kwa mwaka mmoja na miezi saba. Na bado kwenye rejista ya jimbo utumishi wake umeandikwa kuwa umekamilika, na bila shaka ameingizwa kwenye hesabu ya mabingwa waliopelekwa vijijini.

Kuna jambo la pili ambalo nadhani wanasiasa hawalioni vizuri, nalo ni ile fedha. Faini imeandikwa iwe tisho, lakini kwa familia fulani ni bei tu. Mzazi aliyekuwa tayari kununua nafasi ya ubingwa katika chuo binafsi kwa mamilioni ya rupia hatishwi na laki kadhaa za kumtoa mwanawe kijijini. Ataziandikia hundi na kijana ataondoka kwenda mjini au ng'ambo. Mtoto wa mwalimu hana hundi ya kuandika. Kwa hiyo utumishi uliokusudiwa kuwa wajibu wa wote waliosomeshwa na umma umekuwa wajibu wa wasio na uwezo wa kuununua, na kadiri faini inavyopandishwa ndivyo chujio linavyozidi kuwaachia matajiri wakubwa zaidi na kuwabakiza wengine wote. Ndiyo maana wanafunzi wa Rohtak, huko Haryana, walipokaa chini kugoma mwezi Novemba 2022 kwa ajili ya bondi ya shahada ya kwanza, sikuweza kuwaona kama watoto waliodeka. Serikali ya jimbo ilipunguza miaka kutoka saba hadi mitano na fedha hadi rupia laki 30, lakini msingi wa hesabu, kwamba uhuru una bei, ulibaki palepale.

Utaniambia kwamba kwetu pia bondi zipo. Ni kweli. Kenya na Tanzania, daktari wa serikali anayeruhusiwa kwenda kusomea ubingwa husaini kwamba atarudi kumtumikia mwajiri wake, na tuna malalamiko yetu ambayo si ya kueleza leo. Tofauti ni kwamba huyo ana mwajiri. Anayo ajira aliyoiacha na ofisi inayojua kwamba amemaliza. Mwenzangu alisaini mkataba wa kulitumikia jimbo ambalo halikuwa limemwajiri, na siku alipofaulu hapakuwa na mtu mezani aliyepewa jukumu la kumtafutia mahali. Sheria zenu zenyewe zinaijua njia ile nyingine: tarehe 31 Agosti 2020 majaji watano waliyaruhusu majimbo kutenga nafasi za ubingwa kwa madaktari ambao tayari wako katika utumishi wa serikali. Daktari wa namna hiyo anakijua kijiji kabla ya kusoma, na aghalabu hurudi bila kuburutwa. Ningekuwa mimi, ningeipanua njia hiyo kabla ya kuongeza rupia moja kwenye faini.

Sasa nieleze ninachokuomba. Jimbo linalotaka kumfunga daktari limpe barua ya kupangiwa kituo ndani ya siku 60 tangu matokeo yake yatoke. Kila siku itakayozidi hapo ihesabiwe kuwa utumishi, na ikipita miezi sita bila barua, mkataba ufe wenyewe, pasipo daktari kwenda mahakamani kuomba uzikwe. Vyeti halisi arudishiwe mwenyewe siku anayofaulu. Deni lina njia zake za kudaiwa, na cheti si mbuzi wa kufungwa kamba kwa jirani. Kituo anachopelekwa kiwe na vifaa vya fani yake, na mabingwa wanaotegemeana, kama wa upasuaji na wa usingizi, wapelekwe pamoja au wasipelekwe kabisa. Alipwe kama bingwa wa serikali wa daraja lake. Akichaguliwa kusomea ubingwa bobezi katika jimbo jingine, aruhusiwe kwenda na deni lake limngoje, badala ya majimbo mawili kumvuta kila moja kwa mkono wake. Na fedha, kama ni lazima ziwepo, zilingane na gharama halisi ya kumsomesha na zipungue kwa kila mwezi aliotumikia.

Najua jibu ambalo wasaidizi wako watakuandalia, kwamba hospitali ni mambo ya majimbo na mikono ya New Delhi imefungwa. Elimu ya tiba, hata hivyo, imo katika orodha ya mambo ya pamoja kati ya majimbo na Serikali Kuu, na Tume ya Taifa ya Tiba iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 2019. Kwa kanuni za taifa, kila anayesomea MD au MS sasa analazimika kutumikia miezi mitatu katika hospitali ya wilaya akiwa bado masomoni, awe Kerala au Assam. Mwezi Januari 2024 Tume ileile iliyataka majimbo yaachane na faini zinazotozwa wanafunzi wanaoacha nafasi zao katikati ya masomo, kwa kuwa zilikuwa zikiwasonga vijana waliokwisha kuelemewa. Ofisi iliyoweza kuandika kanuni ya miezi mitatu kwa nchi nzima inaweza kuandika kanuni ya siku 60.

Wakati nikiandika barua hii, mwenzangu anafanya kazi katika hospitali ya mji mkubwa, ambako hulaza wagonjwa usingizi kila siku. Nilipomuuliza kama angerudi katika kituo kile iwapo chumba cha upasuaji kingefunguliwa, alitaka kwanza kujua kama mpasuaji amepatikana. Nilimwambia nitamuulizia.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika utumishi,

Daktari bingwa wa watoto,
Dar es Salaam.