Barua ya wazi kwa mjomba: kitabu ulichokikuta mezani

Shikamoo mjomba.

Nimechelewa kukujibu, wala si kwa kukosa la kusema. Siku ile ulipokikuta mezani kwangu kitabu cha Teresa wa Avila, mtawa Mkatoliki wa Hispania wa karne ya 16, ulikigeuza, ukasoma maneno ya nyuma, ukakirudisha kifudifudi. Ulisema maneno mawili tu: "Hii mistiki", yaani ile njia ya kumtafuta Mungu kwa kukutana naye ndani ya moyo. Kisha ukakohoa kidogo na kuaga. Nakujua. Ukikohoa hivyo kabla ya kuaga, umehuzunika. Jioni ukanitumia mstari mmoja bila salamu, Warumi 10:17: imani chanzo chake ni kusikia.

Nakujibu hadharani kwa sababu wengi wananiuliza lile lile, na wengine hawana mjomba wa kubishana naye kwa heshima.

Hofu yako, kama nimeielewa, ni hii. Mtu akianza kumtafuta Mungu ndani ya nafsi yake, ataikuta nafsi yake na kuisujudia akidhani ndiye Mungu. Leo ataona mahubiri yamemchosha, kesho Maandiko, keshokutwa atasimama mbele ya watu na "nimeoneshwa". Hofu hiyo ina msingi, nami nitairudia. Ila kwanza tulitazame neno lenyewe, maana nadhani ndilo lililokukwaza kabla ya kitabu.

Mistiki inatoka kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufunga, kufunga macho au kufunga midomo. Kiswahili kilifika palepale bila kumwuliza Mgiriki: tunafumba macho, tunafumba mdomo, na humo humo tukapata fumbo. Kwa Wakristo wa karne za mwanzo, watu kama Origen wa Aleksandria katika karne ya 3, jambo la "kimistiki" lilikuwa hasa maana iliyofichwa ndani ya Maandiko: Kristo aliyejificha katika Torati, katika Zaburi, katika Wimbo Ulio Bora. Baadaye wakaliita hivyo hata fumbo la mkate na kikombe. Nani alisisimka kifuani, nani alitetemeka, hayo hayakuwa mada. Kuifanya mistiki kuwa nomino, tawi la peke yake lenye wataalamu wake na matukio yake ya ajabu, kulianza Ufaransa katika karne ya 17. Kwa hiyo ukisema mistiki inamtoa mtu kwenye Neno, unamlaumu mtoto kwamba amemkimbia mama yake ilhali bado yuko mgongoni.

Mwangalie Bernardo wa Clairvaux, abate wa Ufaransa. Alihubiri juu ya Wimbo Ulio Bora mahubiri 86, na kifo kikamkuta mwaka 1153 akiwa ndiyo kwanza ameingia sura ya 3. (Nawe uliwahi kunung'unika kwamba mchungaji wenu amekaa mwezi mzima kwenye Yakobo.) Mtu anayekaa na sura mbili miaka mingi kiasi hicho, huwezi kusema amelichoka Neno.

Sasa njoo kwa Paulo, kwa sababu najua bila yeye hutanisikiliza. Katika 2 Wakorintho 12 anasema anamjua mtu aliyenyakuliwa mpaka mbingu ya tatu. Kila mtu anaelewa kwamba anajisema mwenyewe. Lakini tazama anavyosema. Miaka 14 imepita. Hajui kama alikuwa ndani ya mwili au nje; Mungu ajua, na anarudia hivyo mara mbili kama mtu anayefukuza maswali. Alisikia maneno yasiyotamkika, na hatuambiwi hata moja. Kisha anaondoka haraka kwenda kwenye mwiba wake na kwenye jibu alilopewa, "Neema yangu yakutosha." Hilo jibu ndilo analotuandikia neno kwa neno. La mbinguni anafumba mdomo, la udhaifu wake anafumbua. Kwangu mimi sura hiyo inatosha kuwa kipimo cha mistiki yote ya Kikristo, na ajabu ni kwamba wakubwa wa mistiki wenyewe wameishika kuliko sisi.

Meister Eckhart, yule mtawa Mjerumani wa shirika la Wadominiko, aliwashauri wanafunzi wake akitumia mfano wa Paulo huyo huyo. Ukiwa umenyakuliwa kama Paulo, na ukajua kuna mgonjwa anayehitaji supu kutoka kwako, ni bora zaidi kuuacha mnyakuo huo kwa ajili ya upendo ukampelekee supu yake. Teresa anasema karibu lile lile kwa watawa wake katika kitabu kile ulichokilaza kifudifudi, alichokiandika mwaka 1577. Anawacheka wale wanaojikunyata wasiweze hata kutikisika wakati wa sala wakiogopa utamu usiwatoke. Ukimwona dada yako mgonjwa unaweza kumsaidia, anasema, acha ibada yako umhudumie. Na ishara ya uhakika kwamba tunampenda Mungu ni kumpenda jirani. Mwanamke huyu alikuwa na maono, hakuficha, na waungamishi wake walimhoji mpaka akachoka. Lakini ukimfungua ukitafuta maono utakuta kurasa nyingi za kuyatilia shaka.

Anayekwenda mbali kabisa ni rafiki yake, Yohane wa Msalaba. Watawa wenzake, kwa ugomvi wa matengenezo ya shirika lao, walimfungia katika chumba kidogo huko Toledo kuanzia Desemba 1577 hadi alipotoroka Agosti 1578. Humo ndimo zilimozaliwa baadhi ya tenzi zake kubwa. Ungetegemea mtu wa namna hiyo atoke na ufunuo. Alitoka na hoja inayoanzia Waebrania 1: zamani Mungu alisema kwa njia nyingi, sasa amesema katika Mwana. Katika Neno hilo moja amesema yote, hana lingine la kuongeza. Kwa hiyo anayetafuta leo ono au ufunuo mpya anamkosea Mungu, maana anayaondoa macho yake kwa Kristo.

Mjomba, soma tena hapo. Ni sentensi ambayo ungeweza kuisema wewe mimbarani. Wale wanaosimama kila wiki na "Bwana amenionesha jana usiku", wanaokusumbua wewe na mimi pia, hawamjui Yohane wa Msalaba. Wangemjua wangenyamaza. Kukataa mistiki kwa sababu yao ni kumfukuza mbwa wa mlinzi kwa sababu wezi wameingia.

Nakubali kwamba wapo waliopotea, au walioonekana hivyo. Sentensi 28 za Eckhart zililetwa mbele ya Papa Yohane XXII, naye mwaka 1329 akahukumu nyingine kuwa uzushi na nyingine kuwa za kutiliwa shaka. Baadhi, nikizisoma, nami nakunja uso. Miguel de Molinos, padri Mhispania, alifundisha utulivu wa roho uliopitiliza mpaka juhudi yenyewe ikaonekana kosa, na mwaka 1687 hoja zake 68 zililaaniwa. Hapo hofu yako ina ushahidi, sitaki kuuficha. Ila kuna Marguerite Porete, mwanamke mwandishi wa mistiki, aliyechomwa moto Paris tarehe 1 Juni 1310 kwa sababu ya kitabu alichokataa kukikana. Kitabu kikaendelea kusomwa kwa zaidi ya miaka 600 bila jina lake, watawa wakikinakili kama cha mtu mwema asiyejulikana, hadi mwaka 1946 mtafiti alipotambua ni chake. Hapo sijui kama aliyepotea ni mwandishi au waliomwasha moto. Kwa kweli najua.

Na Luther wako, yule mwanzilishi wa Uprotestanti? Kitabu kidogo cha Kijerumani cha mwandishi asiyejulikana, cha mistiki tupu, ni yeye aliyekipiga chapa, sehemu mwaka 1516 na chote mwaka 1518. Akaandika kwenye dibaji kwamba baada ya Biblia na Augustino hajapata kitabu kilichomfundisha zaidi juu ya Mungu, Kristo, mwanadamu na vitu vyote. Luther huyo huyo baadaye aliwaka dhidi ya waliodai Roho bila Neno. Hakuona mgongano, nami siuoni.

Kuna jambo moja nililosita kuliandika hapa, utanisamehe. Nilikuwa mdogo, nimelala kwako. Niliamka usiku kutafuta maji nikakukuta umekaa gizani, Biblia imefungwa magotini. Nikakuuliza unaomba nini. Ukasema, "Maneno yameniishia. Nenda kalale." Hukuonekana mwenye huzuni. Nilikunywa maji yangu nikarudi kitandani, lakini nilichungulia mlangoni, na bado ulikuwa pale pale.

Miaka mingi baadaye nikamsoma Gregori wa Nissa, askofu wa karne ya 4, anavyofuatilia safari ya Musa. Musa anaanza na nuru ya kijiti, halafu wingu, na mwisho, Kutoka 20, watu wanasimama mbali naye analikaribia lile giza kuu Mungu alipokuwapo. Gregori anasema kumwona huko ni kutoona, kwa sababu anayetafutwa amezidi kila kujua. Nilipofika hapo nilisimamisha kusoma, nikakukumbuka. Ulikuwa umemaliza Neno lako la siku, umelifunga, nalo likakuacha mlangoni pa mahali ambapo, kwa maneno ya Warumi 8:26, Roho huomba kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Sura mbili tu kabla ya mstari wako. Sasa ulipoiona mistiki mezani kwangu ukashtuka, nami nikashangaa umeshtushwa na nini.

Labda nimekosea. Labda usiku ule ulikuwa umechoka tu, na nimekutengenezea utakatifu usiouomba. Basi niambie.

Nikija mwezi ujao nitaleta kitabu kingine, hicho cha Teresa kibaki kwanza. Ni cha Yohane wa Msalaba, kile cha kupanda mlima. Nimekunja ukurasa kwenye sura ya 22 ya sehemu ya pili, ile ya Waebrania. Isome na kalamu yako nyekundu mkononi, ile uliyokuwa ukisahihishia insha zangu, na usinionee huruma pembeni.

Nisalimie wote nyumbani.