Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Stoo, Mfuko na Bei za Spea

Ndugu wanachama,

Hesabu za mfuko atazisoma mhazini, na majina ya waliolipa ada yamebandikwa kwenye mlango wa gereji. Mimi nitabaki kwenye spea za hotrodi zetu, yaani magari ya kale yaliyoundwa upya yaende kasi, maana ndizo zilizotutoa jasho mwaka huu.

Mkutano uliopita ulituagiza tununue hedi (vifuniko vya juu ya silinda) za zamani za alumini za mbio za V8 ya Ford, zile za bolti 21. Hatujanunua hata jozi moja. Kwenye gulio la spea la Pomona, California, tumekwenda, alfajiri na tochi mkononi kama ilivyo desturi ya gulio lile, na kila tulipofika kwenye meza yenye jozi nzuri tulikuta walanguzi wameshapita.

Wanachama wapya wameuliza kwa nini hedi hizo ziwe adimu kuliko nyingine. V8 ya kwanza ya Ford, ya mwaka 1932, ilifungwa hedi kwa bolti 21. Mwaka 1938 kiwanda kikahamia bolti 24, na hedi ya injini moja haikai kwenye nyingine. Vijana waliokuwa wakishindana kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage, California, hawakukawia kuzifuata injini mpya, na mafundi waliokuwa wakisubu hedi za mbio wakawafuata wateja wao. Kwa hiyo hedi za mbio za bolti 21 zilisubiwa chache tangu mwanzo. Hizo chache nazo zimeliwa na maji. Alumini iliyokaa juu ya bloku ya chuma, rejeta ikijazwa maji matupu yasiyo na dawa ya kutu, hutoboka pembezoni mwa matundu mpaka gasketi inakosa pa kukalia. Unachomelea, unachonga, na baada ya kuchongwa mara kadhaa hedi haina unene tena.

Uhaba huo ni wa zamani. Kilichozidi ni wanunuzi. Mwaka 1997 maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach, California, yalifungua daraja la hotrodi kwa mara ya kwanza, na Ford ya 1932 iliyoundwa na Doane Spencer ikashinda. Tangu hapo mtu mwenye fedha nyingi anajua kwamba gari lililoundwa gerejini na kijana wa California linaweza kusimama uwanja mmoja na magari ya kifahari ya Ulaya. Majaji wanataka kila kitu kiwe cha enzi ile: geji, taa, kabureta, hadi magneto ya kuwashia cheche. Manifoldi ya Slingshot (kipande kinachogawa mchanganyiko wa kabureta kwa silinda) aliyoibuni Vic Edelbrock mwaka 1938 ilitengenezwa kiasi cha 100 tu. Hedi za Ardun za Zora Arkus-Duntov, zilizobuniwa ili V8 za malori zisichemke, hazikufika seti 300 hapa Marekani. Ukigombania vitu vya namna hiyo na mtu anayetafuta kombe, utashindwa, hata tukiongeza ada mara mbili.

Na wazee waliozijenga injini hizi wanaondoka. Spea zinaangukia kwa warithi ambao hawakuwahi kushika spana. Mrithi anafungua simu, anaona bei ya juu kuliko zote iliyoandikwa na muuzaji fulani, anaishikilia. Kamati inawaomba msitaje bei za namna hiyo kwenye vikao vyetu. Inayotufaa ni bei iliyolipwa.

Feki zimeongezeka pia. Alumini mpya ikipigwa mchanga na kupakwa asidi huonekana ya miaka 80. Chungulieni ndani ya matundu ya maji: kama nje ni mzee na ndani ni mtoto, rudisheni pochi mfukoni.

Najua wapo kati yetu wanaosema ya kale ni dhahabu na hawataki kusikia kitu kipya. Nawaheshimu, lakini wengi wetu tulijifunza ufundi kwenye gereji za chini ya mwembe, Tanga, Mombasa na Bukavu, ambako gari lilitakiwa litembee. Leo bodi ya chuma ya 1932 inatengenezwa upya na kampuni ya Brookville, ya Ohio. Kabureta mpya za Stromberg 97 zipo, na hedi za bolti 24 zinasubiwa hadi leo. Nilitarajia vitu hivi vitashusha bei za vya zamani. Havikushusha. Vimegawa soko: kuna spea za kuendeshea na kuna spea za kuonyeshea.

Ndiyo maana kamati inaleta pendekezo moja. Stooni tuna seti ya ringi za magurudumu za magnesiamu, za kampuni ya Halibrand, tulizopewa na familia ya mzee mmoja jirani. Ni nzuri kuzitazama, lakini magnesiamu ya umri ule huliwa na kutu na kupata nyufa usizoziona, na mimi sitamruhusu mwanachama yeyote aingie nazo barabarani. Dalali ametoa bei ambayo sikuitegemea. Tuziuze. Fedha tununue bloku za V8 ya Ford za 1949 hadi 1953, ambazo bei yake bado inashikika, pamoja na kirenki za Mercury zenye mwendo wa pistoni wa inchi 4. Kila bloku ipimwe nyufa kwa sumaku kabla hatujalipa salio, maana moshi wa injini hizi hupita katikati ya bloku, joto huzidi, na nyufa kwenye viti vya valvu ni ugonjwa wake wa kawaida. Bloku rahisi yenye ufa ndiyo iliyomaliza mifuko ya wengi humu.

Familia iliyotupa ringi imeulizwa na haina pingamizi. Ofa ya dalali inakwisha mwishoni mwa mwezi, kwa hiyo kura ipigwe leo, baada ya taarifa ya mhazini. Mwenye hoja ya kupinga aombe nafasi kwa katibu sasa hivi.